Kuchora mtu asiyesimama kama kigingi: mwongozo kwa vijana wachoraji wa Pwani

Tazama michoro ya watu iliyojaa mitaani mwetu, kuanzia vibao vya vinyozi hadi kuta za shule za chekechea. Nyuso mara nyingi ni nzuri. Macho yanang'aa, nywele zimechorwa kwa ustadi, hata herini imetiwa mng'ao. Shida huanzia shingoni kushuka chini. Mabega yamelala sawa kama rafu, mikono imening'inia kama mikono ya shati iliyoanikwa kambani, na miguu miwili imebeba uzito sawasawa kana kwamba mtu yuko kwenye gwaride.

Mteja hawezi kukueleza kasoro iko wapi. Atasema tu, "Huyu mtu hakai sawa." Kisha kazi inayofuata ataipeleka kwa mwingine, na siku hizi huyo mwingine huenda akawa programu ya akili mnemba iliyo kwenye simu yake mwenyewe. Kwa kijana wa Likoni au Malindi anayetegemea brashi kulipa kodi ya chumba, hilo si jambo dogo.

Tena kuna michoro ambayo kasoro yake inaweza kupotosha. Chukua bango la zahanati linalomfunza mama namna ya kumpakata mtoto anaponyonya. Mtoto anatakiwa ageukiane na mama, tumbo kwa tumbo, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja, na mama amlete mtoto kwenye titi badala ya yeye kumwinamia. Mchoraji akikosea mkao huo, maneno mazuri yaliyoandikwa chini hayatasaidia, kwa sababu mama anaiga anachokiona.

Habari njema ni kwamba mkao hufundishika. Hauhitaji kipaji cha kuzaliwa wala vifaa ghali. Unahitaji kujua mambo machache, kwa mpangilio, na kuyarudia.

Kwa nini watu wetu hukakamaa

Wengi tulianza kuchora kwa kunakili picha: sura ya mchezaji, msanii, au mhusika wa katuni. Ukinakili picha huanzia kwenye jicho, ukaingia pua, ukashuka mdomoni. Ukifika mwilini umechoka, na karatasi imebaki ndogo. Hapo mkono huchora kile ambacho kichwa kinakijua tayari: mkono ni bomba, mguu ni bomba, kiwiliwili ni boksi. Jicho limeacha kutazama.

Kimon Nicolaïdes, aliyekuwa mwalimu wa uchoraji jijini New York, aliacha kitabu cha mafunzo kilichochapishwa mwaka 1941, baada ya kifo chake. Wazo lake kuu ni jepesi kulieleza na gumu kulitenda: kabla ya kuchora mtu anafananaje, chora anafanya nini. Je, anavuta? Anasukuma? Ameegemea? Anajinyoosha? Jibu la swali hilo ndilo mkao wenyewe. Sura, vifungo vya shati na viatu ni vya baadaye.

Anza na mstari mmoja

Tafuta mstari mmoja mrefu unaopita mwilini mwote, kutoka kichwani, kwenye uti wa mgongo, hadi kwenye mguu unaobeba uzito. Huo tuuite mstari wa mwendo. Mara nyingi umepinda kama upinde au kama herufi S. Ukiwa umenyooka kama rula, mkao wako umekufa kabla hujachora kitu kingine.

Sisi wa Pwani tumezungukwa na walimu wa mstari huu. Hamali anayevuta mkokoteni pale Kongowea ameinamia mbele, mguu wa nyuma umenyooka ukisukuma ardhi, na kutoka kisiginoni hadi utosini ni mteremko mmoja mrefu. Mkwezi wa mnazi amekunja magoti, mikono inavuta shina kuja kwake na nyayo zinalisukuma, kwa hiyo mgongo wake ni upinde. Mama aliyekaa kwenye mbuzi akikuna nazi ameshusha mabega mbele, mgongo umeviringa, na nguvu yote inashukia kwenye viganja viwili vilivyoshika kifuu. Wavuvi wanaovuta jarife ufuoni wamejilaza nyuma, na ukikata kamba wataanguka chali. Hilo la mwisho lishike vizuri: mchoro wako ukionyesha kwamba bila kamba wangeanguka, umeshapata mvuto.

Jipe sekunde 30 tu kwa kila mtu. Weka saa ya simu. Ni muda mfupi kiasi kwamba huwezi kuanza na jicho hata ukitaka, na ndiyo maana zoezi hili linafanya kazi.

Uzito na timazi

Kila fundi mwashi anaijua timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma inayomwonyesha kama ukuta umesimama wima. Mchoraji naye anaihitaji, ingawa yake ni ya kufikirika. Mtu akisimama bila kushika kitu, teremsha mstari wima kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo. Akiwa amesimamia mguu mmoja, mstari huo utaangukia karibu na kifundo cha mguu huo. Akisimamia yote miwili, utaangukia katikati ya nyayo. Ukiangukia nje ya nyayo kabisa, basi mtu huyo anaanguka, anakimbia, au ameegemea kitu. Kama kwenye mchoro wako hafanyi lolote kati ya hayo, umekosea.

Sasa mpe mzigo. Mtungi wa maji wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Mtu akiubeba kwa mkono wa kulia, bega la kulia linavutwa chini, kiwiliwili kinaegemea kushoto, na mkono wa kushoto hutoka nje kidogo kutafuta usawa. Mchoraji anayemchora amesimama wima huku mtungi umening'inia tu anachora mtungi mtupu, na mtazamaji atahisi hivyo hata kama hatajua kwa nini. Mtungi huohuo ukiwa kichwani, mambo yanabadilika: shingo inanyooka, mgongo unasimama, na mwendo wote unashukia kwenye nyonga.

Mabega na nyonga

Kama kuna jambo moja litakalobadilisha michoro yako kesho asubuhi, ni hili. Simama mbele ya kioo, weka uzito wote kwenye mguu wa kulia, ulegeze goti la kushoto. Tazama kiuno chako. Nyonga ya kulia imepanda, ya kushoto imeshuka. Kisha tazama mabega: la kulia limeshuka, la kushoto limepanda. Mistari miwili, wa mabega na wa nyonga, imeinama kinyume. Upande mmoja wa kiwiliwili umebanwa, wa pili umenyooka.

Wagiriki waliijua siri hii kitambo. Polykleitos, mchongaji wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliitumia kwenye sanamu yake maarufu ya mshika mkuki. Sanamu yenyewe ya shaba ilipotea, lakini nakala za marumaru zilizochongwa na Warumi bado zipo, na mpaka leo zinaonekana kama mtu anayetaka kupiga hatua.

Huna haja ya kwenda Ulaya kuiona. Nenda ukasubiri feri Likoni. Watu wanaosubiri huchoka, na mtu aliyechoka huhamishia uzito mguu mmoja. Mama aliyembeba mtoto ubavuni ameitoa nyonga upande wa mtoto, na kiwiliwili chake kimeegemea upande wa pili. Kwa kila mmoja, chora mistari miwili tu, wa mabega na wa nyonga, kisha uunge kwa uti wa mgongo. Ukijaza ukurasa mzima wa mistari hiyo, utakuwa umejifunza zaidi ya siku nzima ya kunakili picha.

Vipimo: kichwa ndiyo futi yako

Baada ya mwendo ndipo vinakuja vipimo. Wachoraji hupima mwili kwa urefu wa kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa 7 hadi 7 na nusu. Wachoraji wa mashujaa na wa mitindo ya nguo huongeza hadi 8 au zaidi ili mtu apendeze. Mtoto wa mwaka mmoja ana vichwa 4 tu. Ukimchora mtoto kwa vichwa 7 hutapata mtoto, utapata mtu mzima aliyepunguzwa. Kasoro hii iko kwenye kuta nyingi za shule.

Mambo mengine ya kushika:

- Katikati ya urefu wa mtu mzima ni kwenye kinena, wala si kitovuni. Wengi hufupisha miguu kwa sababu hiyo.
- Macho yako katikati ya kichwa, ukihesabu na utosi. Wengi huyaweka juu mno.
- Mikono ikining'inia, kiwiko kiko karibu na usawa wa kiuno, kifundo cha mkono karibu na usawa wa kinena, na ncha za vidole hufika kati ya paja.
- Kiganja pamoja na vidole ni sawa na kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Weka mkono wako usoni uone.
- Unyayo unakaribia urefu wa mkono kutoka ndani ya kiwiko hadi kwenye kifundo. Wengi huchora miguu midogo, ndiyo maana watu wao wanaonekana kuelea.
- Ukinyoosha mikono pande zote mbili, upana wake unakaribia urefu wako. Hicho ndicho Leonardo da Vinci alichokionyesha mnamo mwaka 1490 kwenye mchoro wake wa mtu aliye ndani ya duara na mraba.

Wazo hilo la Leonardo liliwahi kufika Mombasa, tena kwa mawe. Ngome ya Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. UNESCO, iliyoiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, inaeleza kwamba umbo lake linafuata imani ya wasanifu wa enzi zile kwamba vipimo kamili hupatikana katika mwili wa mwanadamu. Watalii hulipa kuja kuitazama. Kijana wa Mji wa Kale anayechora anaishi jirani na somo lenyewe.

Hata hivyo, vipimo ni mtumishi. Mtu akiketi, akiinama au akikuelekezea mkono, hesabu ya vichwa inavunjika, na hapo ni jicho litakalokuongoza.

Yai, sanduku na mabomba

Mkao na vipimo vikishakaa, jenga mwili kwa maumbo mepesi. Kifua ni yai. Nyonga ni sanduku. Kati yake ni kiuno laini, kinachoweza kukunjika na kuzunguka. Mikono na miguu ni mabomba yanayopungua unene kuelekea mwisho. Yai na sanduku havikunjiki, kinachokunjika ni kiuno tu. Ukikumbuka hilo, hutachora tena mtu aliyepinda kama ndizi.

Yai na sanduku vinaweza kuelekea pande tofauti. Kondakta wa matatu anayening'inia mlangoni ana nyonga zinazoelekea ndani ya gari na kifua kinachoelekea barabarani. Mchezaji anayepiga mpira ufuoni anazungusha nyonga upande mmoja na mabega upande wa pili. Msokoto huo ndio uhai wa picha.

Sehemu inayowashinda wengi ni kiungo kinachokuja kuelekea kwako, mfano mguu wa mtu aliyeketi kwenye baraza akitazamana nawe. Unajua paja ni refu, kwa hiyo unalichora refu, na picha inaharibika. Kwa jicho, paja hilo limekuwa fupi kama chungu, na goti limelifunika karibu lote. Dawa ni kuacha kufikiria paja. Chora nafasi tupu iliyo kati ya mguu na mguu, au kati ya mkono na ubavu. Nafasi hiyo haina jina, kwa hiyo kichwa hakina cha kukudanganya.

Jaribio la kivuli

Kabla ya kutia rangi, mjaze mtu wako weusi mtupu kwenye karatasi nyingine ndogo. Je, bado unajua anafanya nini? Mtu anayekunywa chai huku kikombe kimewekwa mbele ya kifua chake atageuka bonge jeusi. Mgeuze ubavu, kikombe kitoke nje, nawe utamwelewa kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa wachoraji wa mabango na matatu jaribio hili ni la lazima, maana kazi yenu inatazamwa ikipita mbio.

Nguo nazo zisikutishe. Katika vyuo vya Ulaya wanafunzi huchora watu walio uchi ili waone misuli. Hapa kwetu hakuna haja, kwa sababu leso na kikoi hueleza mengi. Mikunjo huanzia mahali nguo inapovutwa: gotini, nyongani, begani. Fuata mkunjo hadi unapoanzia, utakuwa umeupata mwili bila kumvunjia mtu heshima.

Dakika 30 kwa siku

Ratiba inayowezekana ni hii: siku 5 kwa wiki, dakika 30 kila siku. Michoro 10 ya sekunde 30, 5 ya dakika moja, 5 ya dakika mbili, na mmoja wa dakika 10. Jumla ni michoro 21 kwa siku. Baada ya wiki 6 utakuwa na michoro 630. Mingi itakuwa mibaya, na si hoja. Andika tarehe kila ukurasa, kisha linganisha wiki ya kwanza na ya sita.

Karatasi isiwe kisingizio. Karatasi zilizochapishwa upande mmoja zinatupwa kila siku kwenye saiba, ziombe. Penseli ya 2B au 4B yatosha. Mkaa wa kuchorea unaweza kuutengeneza mwenyewe: panga vijiti vyembamba vikavu ndani ya kopo lenye mfuniko, toboa tundu dogo, liweke motoni hadi moshi uishe kutoka, uliache lipoe kabla ya kufungua.

Adabu mbele ya penseli

Kumchora mtu ni kumtazama, na kutazama kuna adabu yake. Watu walio mbali sokoni au feri unaweza kuwachora haraka bila kuonyesha sura. Ukitaka kumchora mtu kwa karibu, piga hodi kwanza. Mwambie, "Shikamoo mama, naomba nikuchore ukiendelea na kazi yako," kisha umwonyeshe ulichochora. Akikataa, asante na kwaheri. Usimchore mtoto wa mtu bila mzazi kujua.

Kuna pia suala la dini, na halifai kupuuzwa Pwani. Katika Uislamu wapo wanazuoni wanaokataza kuchora viumbe wenye roho, na wapo wanaoruhusu kwa masharti, hasa kwa ajili ya elimu. Kijana Mwislamu amuulize mwalimu wake anayemwamini. Mafundi wetu wa milango ya Lamu walionyesha kwamba maua na maandishi peke yake yanaweza kubeba sanaa kubwa. Na Wamijikenda, kwa upande wao, wanapochonga vigango kuwakumbuka wazee waliofariki, huupunguza mwili kuwa ubao wenye kichwa na nakshi. Kigango kimenyooka kwa makusudi, maana kinasimama kwa niaba ya mzee aliyekwenda. Kunyooka kwa makusudi na kukakamaa kwa kutojua ni mambo mawili tofauti.

Nani atawafundisha?

Mtaala mpya umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Kwenye karatasi, mtoto wa Kilifi anayependa kuchora sasa ana mlango. Lakini mlango bila mwalimu ni ukuta uliopakwa rangi. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinafundisha ushonaji, useremala na umekanika, na kote huko kuna kuchora: mshonaji anahitaji umbo la mteja, seremala anahitaji kujua goti la mtu linafika wapi anapoketi. Saa mbili za uchoraji kwa wiki hazitaifilisi kaunti yoyote.

Na wachoraji waliobobea, wale mliopamba matatu na kuta zetu kwa miaka mingi, mna deni pia. Chukueni kijana mmoja, mketi naye sokoni Jumamosi moja, mmpe sekunde 30 za saa na penseli. Programu ya simu inaweza kutoa picha ya mtu kwa dakika moja. Haijawahi kubeba mtungi wa lita 20 kutoka kioski hadi ghorofa ya tatu. Kijana wetu ameubeba, na bega lake linakumbuka ulivyomvuta. Kinachobaki ni kuufundisha mkono wake useme hivyo kwenye karatasi.